Mwenyekiti Hahesabiwi

Shinyanga,
3 Juni 2024

Babu yangu Pantaleo,

Shikamoo. Na Bibi Anisia shikamoo yake mpe mkononi, usiikalie kama ile ya Pasaka. Mimi mzima, joto tu na kazi.

Simu najua umeikataa tangu ile ya kwanza ilipotumbukia joshoni, kwa hiyo naandika kwa mkono na barua naitia kwenye basi pamoja na huu mzigo. Usishtuke. Ni fomu mia mbili na kumi na nne, moja kwa kila kaya ya kijiji chenu. Mwezi wa nane mradi wetu unaleta chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe. Kila kaya itapelekewa dozi sawasawa na ng'ombe wake, haizidi hata moja, na oda inafungwa Jumatatu ya tarehe 5 Agosti. Ikishafungwa imefungwa, kwa sababu dawa inatoka mbali ndani ya barafu na hailetwi mara mbili. Nakuomba wewe uhesabu, maana nikimtuma mtu wa mjini atahesabu na mbuzi.

Hesabu zenyewe nazifanya kwenye kompyuta, kwa lugha ya watu wa takwimu inayoitwa R. Nimetengeneza humo kifurushi changu mwenyewe. Kinamfuata kila ng'ombe: kanywa maji wapi, kasuguana na nani, jirani akikohoa yeye ataugua lini. Kinarudia mara elfu kumi, halafu kinasema kijiji kipi kianze na kila kaya ipate dozi ngapi. Tatizo R ni mwungwana mno, hakimbii. Nilikiwasha Ijumaa jioni, nikarudi kutoka misa ya Jumapili nikakikuta bado kiko kwenye kaya ya arobaini ya kijiji cha majaribio!

Basi kile kipande kizito nimempa Abel akiandike kwa lugha nyingine, C++. Abel nilisoma naye chuo, sasa yuko Geita mjini, ofisi ya kompyuta ya mgodi mmoja. C++ ni kama mahindi: unaiandika, unaisaga mashineni, na unga wake ndio kompyuta inaula mbio. Huo unga nitautia ndani ya kifurushi changu cha R. Ukielewa umeelewa, usipoelewa hesabu ng'ombe.

Mjukuu wako,
Paskalina


Rwamgasa,
15 Juni 2024
Kumb. Na. PM/NG/01/2024

Kwa: Bi Paskalina, Mtakwimu, Shinyanga
YAH: KUHESABIWA KWA NG'OMBE WA KIJIJI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mke wangu mdogo, marahaba. Napenda kukutaarifu kwamba fomu zote 214 zimejazwa, zimekaguliwa na zimefungwa kwa kamba ya katani, na nakala nimebaki nayo kichwani. Nimezunguka siku nane kwa baiskeli. Kila kaya nilifika alfajiri, zizi linapofunguliwa, nikahesabu kwa heshima zote kama alivyohesabu marehemu baba yangu. Miaka thelathini na minne nimekuwa bwana mifugo, hakuna wa kunifundisha kusimama mlangoni pa zizi.

Nimefurahi kusikia habari ya chanjo. Wewe hukuwepo mwaka 1994. Machimbo yalikuwa yamechangamka, wachimbaji wanataka nyama kila siku, na ng'ombe wa kuchinjwa wakaletwa hapa kutoka kila pembe bila cheti. Wakaja na kikohozi chao. Nilikuwa na ng'ombe thelathini na mmoja. Alibaki ndama mmoja jike, yatima, tukamnywesha maziwa ya kuomba kwa chupa ya soda. Huyo ndiye mama yake Mwenyekiti wa zizi letu. Tafadhali, mke wangu, hiyo homa isirudi hapa.

Mwenyekiti mwenyewe hajambo. Bado anatangulia kutoka zizini na hakuna dume wala ndama anayethubutu kumpita. Jumapili iliyopita alimlia katekista kofia, na katekista akaomba msamaha.

Kuhusu huyo Abel na unga wake. Mahindi ya punje mtu anayaona kwa macho. Kwenye unga wa mashine ndipo watu wanapochanganya muhogo. Kuwa macho. Aidha, ni mtu wa wapi? Nauliza kama mume.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Pantaleo
(Bwana Mifugo Mstaafu)


Barua pepe
Kutoka: Paskalina
Kwa: Abel
24 Juni 2024

Abel,

Hujambo. Mimi sijambo ila kompyuta yangu imekufa mara tatu tangu asubuhi, na muuaji ni wewe.

Kwanza, nilikuomba msimbo, leo umenitumia faili lililokwishasagwa. Limesagwa kwenye kompyuta yako ya mgodini, halina habari na yangu, R imelitazama imeliacha. Nitumie mahindi, kaka! Nataka faili zako za C++ zenyewe nizitie kwenye folda ya src ya kifurushi, mashine yangu isage yenyewe. Kifurushi kitakwenda kwa watu wa Bukombe, Kahama na kwingineko, kila mmoja na kompyuta yake.

Pili, zile faili za jana, zilizokuja bado mahindi, nilizisaga zikasagika vizuri, nikaziita kutoka R, na R ikafa yote. Haikuonya, haikuaga, dirisha likatoweka na kazi yangu ya asubuhi nzima. Ukikosea kwenye R unaambiwa umekosea. Kwako wewe mtu anazikwa kwanza. Uliandika nini humo?

Paskalina


Barua pepe
Kutoka: Abel
Kwa: Paskalina
25 Juni 2024

Dada Paskalina,

Pole na misiba mitatu. Mahindi nimeambatanisha.

Kifo nimekijua. Mimi nilipima eneo la ng'ombe mia, kaya moja ikaja na mia na tatu. Ni kama mchimbaji aliyepitiliza mpaka wa duara lake, shimo alilopewa, akatokea kwenye duara la jirani. R ina mnyapara anayepiga kelele ukifika mpaka. C++ haina mnyapara, inakuacha uchimbe mpaka udongo ukuangukie. Ndiyo maana ina mbio. Nimeweka mnyapara wangu sasa.

Isage, uikimbize, unipe majibu. Kwangu imemaliza kijiji kizima kwa dakika nne. Dakika nne, Paskalina! Sema asante hata kwa Kisukuma.

Abel


Barua pepe
Kutoka: Paskalina
Kwa: Abel
8 Julai 2024

Abel,

Wabeja, ni dakika nne kweli. Na kwa dakika nne hizo umepoteza ng'ombe mia mbili na kumi na nne.

Karani wetu ameingiza fomu za kijiji cha Babu. Kwa Babu ng'ombe wako kumi na wawili, nimewachunga mimi likizo iliyopita na nawajua mpaka tabia. Kifurushi kinatoa dozi kumi na moja. Nikasema labda mmoja kauzwa. Nikampigia Mwanaima anayeshika kitabu cha josho kule kijijini, akanisomea ng'ombe walioogeshwa wa kaya thelathini. Thelathini zote, Abel, kila moja kwako imepungua ng'ombe mmoja! Ni mmoja tu, kila nyumba, sare kabisa. Huo si wizi wa watu, huo ni wa kompyuta.

Na ninajua ni nini. R inahesabu kama binadamu: wa kwanza ni moja. C++ inaanzia sifuri: wa kwanza ni sifuri, wa pili ndiye moja. Pale mlangoni ng'ombe wanapotoka kwenye R kuingia kwenye C++ umesahau kusawazisha, na kila kaya kuna mmoja anabaki nje. Hili kosa liko kwenye kila kitabu cha kuunganisha C++ na R, ukurasa wa kwanza, na wewe umelifanya.

Babu yangu alifiwa na zizi zima mwaka 1994. Ng'ombe mmoja asiye na chanjo akikohoa, wote wamekwisha. Rekebisha.

Paskalina


Barua pepe
Kutoka: Abel
Kwa: Paskalina
9 Julai 2024

Paskalina,

Nimeipitia mara mbili. Sifuri na moja nimezisawazisha. Nimeijaribu kwa ng'ombe watano wa uongo: wameingia watano, wametoka watano. Nikajaribu mmoja: kaingia, katoka. Una hakika na fomu zako?

Abel


Barua pepe
Kutoka: Paskalina
Kwa: Abel
9 Julai 2024

Ng'ombe wa uongo hawaendi joshoni!

Fomu zangu zimejazwa na bwana mifugo wa miaka thelathini na minne, aliyehesabu kila zizi alfajiri kwa macho yake. Kabla hujamtuhumu babu wa watu, tazama msimbo wako.

P.


Barua pepe
Kutoka: Abel
Kwa: Paskalina
9 Julai 2024

Yaishe.

Nimeongeza moja. Sijui kwa nini, sikubaliani nayo, na pale nilipoiongeza nimeandika maelezo: "kwa ajili ya amani". Mahindi mapya haya hapa.

Abel


Shinyanga,
12 Julai 2024

Babu,

Shikamoo. Nina haya kukuambia, lakini afadhali ulisikie kwangu. Kompyuta ilikuwa inampoteza ng'ombe mmoja kwenye kila kaya. Kwako ilisema kumi na mmoja! Nimemfokea Abel mpaka ameongeza aliyepungua, sasa wako kumi na wawili, kila mtu atapata dozi zake. Usiwe na wasiwasi kabisa.

Abel ni Mzinza, kwao ni upande wa ziwani. Umeridhika, mume?

Paskalina


Barua pepe
Kutoka: Paskalina
Kwa: Abel
2 Agosti 2024

Abel,

Naandika barua hii nikiwa nimepiga magoti, ingawa huwezi kuniona.

Leo nimekaa kuandika maelezo ya kifurushi, yale ya kumsaidia mtumiaji. Nikataka mfano wa kweli, nikachukua karatasi yenyewe ya Babu. Imeandikwa kwa wino wake, mwandiko wake: ng'ombe kumi na mmoja. Nikavuta nyingine, na nyingine, nimevuta arobaini. Msimbo wako wa kwanza ulikuwa unatoa kile kile kilichoandikwa. Hukukosea. Nilikutukana bure mwezi mzima.

Kwa hiyo kitabu cha josho ndicho kimezidi. Mwanaima lazima yule anayetangulia anamhesabu akiingia na anamhesabu tena akitoka. Na mimi likizo nilihesabu vibaya, nilikuwa nachezea simu. Babu hawezi kukosea mia mbili na kumi na nne. Bi Euphrasia, bosi wangu, naye amesema fomu ndiyo hati, josho ni porojo.

Itoe ile moja yako ya amani. Na naomba safari hii unitumie unga uliosagwa kwa ajili ya kompyuta ya aina yangu, kwa sababu ofisi imenipa laptop mpya haina mashine ya kusagia, na bando langu halitoshi kuishusha. Jumatatu ndiyo tarehe 5. Ukichelewa nimekwisha.

Samahani. Kweli kabisa.
Paskalina


Barua pepe
Kutoka: Abel
Kwa: Paskalina
4 Agosti 2024

Nimesamehe kabla hujapiga magoti. Moja nimeitoa, unga huo hapo. Nimeutuma nikitoka misani, mama ananiita mezani. Jumatatu njema.

Abel


Rwamgasa,
20 Julai 2024
Kumb. Na. PM/NG/02/2024

[Juu ya bahasha, kwa kalamu nyekundu: "Ilipitilizwa Mwanza kwa bahati mbaya. Imefika Shinyanga stendi 7/8. Konda."]

Kwa: Bi Paskalina, Mtakwimu, Shinyanga
YAH: ADABU YA KOMPYUTA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mke wangu, marahaba. Barua yako ya tarehe 12 nimeisoma mara tatu, na Bibi yako nimemsomea mara moja kwa sauti. Tumeshangaa. Kompyuta imejuaje? Nani kaiambia? Umesema imemwacha mmoja kila nyumba, nyumba zote, bila kubagua. Hiyo kompyuta ina adabu kuliko maofisa wengi niliofanya nao kazi.

Sasa nieleze, kwa sababu naona mama yako hakukufundisha. Ng'ombe anayetangulia hahesabiwi. Hapa kwetu mtu hasimami mlangoni akamnyooshea kidole yule wa kwanza akasema "moja". Unamwacha apite, unamsalimu ukitaka, halafu anayefuata ndiye moja. Ukimhesabu anayetangulia umemwambia safari imefika. Akisimama yeye, zizi lote limesimama. Kaya zote mia mbili na kumi na nne ndivyo nilivyozihesabu, na wenyewe wangenifukuza kwa fimbo kama ningefanya vingine.

Nitakuambia jambo ambalo halimo kwenye faili lolote. Mwaka 1994 ilikuja amri, kila ng'ombe aandikwe, bila kumwacha hata mmoja. Nikasimama kwenye zizi langu mwenyewe, bwana mifugo na kofia yangu, nikamhesabu aliyetangulia. Mwezi haukwisha. Usinicheke. Najua ni vimelea, nimevisomea chuo cha mifugo Tengeru, nimeviona kwa darubini. Wale ng'ombe wa kuchinjwa ndio walioleta. Yote hayo nayajua, Paskalina, na sijamhesabu tena wa kwanza mpaka leo.

Kwa hiyo naagiza mambo mawili. La kwanza, Abel asiongeze kitu. Aiache kompyuta na malezi yake. La pili, Mwenyekiti apate dozi yake. Kuchanjwa ni jambo moja na kuhesabiwa ni jambo jingine, msichanganye. Mtu msomi kama wewe hatashindwa kulipanga hilo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Pantaleo

Nyongeza: Mzinza si mbaya. Wanajua samaki. Ng'ombe je?


Shinyanga,
7 Agosti 2024

Babu yangu,

Shikamoo. Naandika mbio basi lisiniache, usitazame mwandiko.

Barua yako ya Julai nimeipata leo. Ilikwenda Mwanza kutalii. Oda imefungwa juzi. Na mimi, Babu, mimi mwenyewe nilimwambia Abel aitoe ile moja, kwa sababu nilitazama fomu zako nikasema Babu hawezi kukosea. Karatasi mia mbili na kumi na nne zilitoka kwenye mashine, Bi Euphrasia amesimama mgongoni kwangu anatazama saa, nikapiga mhuri bila kufunua hata moja. Utapata dozi kumi na moja. Kila nyumba itapungukiwa moja. Nimekwenda kwa Bi Euphrasia nikalia mbele yake, amesema barafu haina huruma.

Lazima kila kaya ichague wa kuachwa. Waambie aliyeachwa atengwe, asinywe maji na wenzake, asipelekwe joshoni. Mimi ndiye niliyekosa, si wewe. Ulifanya kama ulivyofundishwa, mimi ndiye sikuuliza. Nasoma hizi takwimu miaka yote, sijawahi kumuuliza mtu: Babu, unahesabuje?

Nisamehe. Mwambie na Mwenyekiti.

Paskalina


Barua pepe
Kutoka: Paskalina
Kwa: Abel
7 Agosti 2024

Moja ile ya amani ilikuwa ya kweli. Wa kwanza huwa hawamhesabu, ni mwiko. Nimeua ng'ombe wa Babu, Abel. Usinipigie, nalia.


Barua pepe
Kutoka: Abel
Kwa: Paskalina
8 Agosti 2024

Paskalina, kaa chini. Umekaa?

Nilipopata ujumbe wako nilifungua kompyuta nione nilichokutumia Jumapili. Msimbo nimeusahihisha kweli, moja nimeitoa, saa tano na dakika kumi asubuhi. Halafu mama akaniita. Halafu nikakutumia unga. Unga wenyewe umesagwa lini? Tarehe 9 Julai.

Sikusaga upya. Nilichambua mahindi, nikayaacha kwenye ungo, nikakupa unga wa mwezi uliopita. Hili ni kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nina aibu mpaka masikioni. Lakini unga wa mwezi uliopita una ile moja ndani. Funua karatasi ya Babu yako uliyopiga mhuri. Sasa hivi. Nasubiri.

Abel


Barua pepe
Kutoka: Paskalina
Kwa: Abel
8 Agosti 2024

Kumi na mbili.

Nimefunua zote, nimekaa sakafuni katikati ya makaratasi, watu wa ofisi wananipita kama chizi. Kumi na mbili kwa Babu. Imezidi moja kila kaya, ni sawasawa na josho. Babu alisema muhogo unachanganywa kwenye unga. Mungu akubariki, mzembe wewe!

Barua ya kumwambia Babu aache ng'ombe mmoja imeondoka na basi la jana. Simu ya Mwanaima imezimwa tangu wiki iliyopita, kwa hiyo naikimbiza na nyingine.

P.


Rwamgasa,
29 Agosti 2024
Kumb. Na. PM/NG/03/2024

Kwa: Bi Paskalina, Mtakwimu, Shinyanga
YAH: KULIZWA BURE KWA KIJIJI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua yako ya machozi ilifika tarehe 10. Ile ya pili, ya kusema pole na kwamba ya kwanza ilikuwa uongo, imefika jana. Chanjo ilikuwa tarehe 26. Hilo basi lako lina mke Mwanza, si bure.

Naomba nikueleze ulichokifanya. Niliitisha mkutano. Nikasoma barua yako mbele ya kaya zote, nikasema mwenye kosa ni mimi, nilijua desturi nikajua na chanjo, sikuandika pembeni ya fomu.  Hapo watu wakaanza kugombana nani aachwe. Huyu anasema dume lake ni kali, aachwe. Mkewe anasema hilo dume ni la kwao. Mmoja alipendekeza aachwe ng'ombe wa jirani. Ikaendelea siku tatu, ndugu hawasalimiani, na katekista akahubiri juu ya yule kondoo mmoja aliyepotea mpaka watu wakatoka nje wakilia.

Mimi nilichagua nyumbani kimya. Mwenyekiti hawezi kuachwa, anatangulia, sindano itaanza naye. Nikahesabu mpaka mwisho, anayebaki ni yule mtamba mwekundu aliyezaliwa Pasaka ya mwaka jana. Sikukuambia bado, yule ni wako. Nimekuwekea. Usiku wa kuamkia chanjo nilimfunga peke yake nyuma ya jiko, nikakaa naye, na Bibi yako akaja na kitenge akakaa upande wa pili. 

Asubuhi mchanjaji akafika na sanduku lake la barafu, akasoma: "Kaya ya Pantaleo, dozi kumi na mbili." Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia kwa sauti zaidi, jirani asikie. Bibi yako alipiga vigelegele mpaka Mwenyekiti akatoka zizini mwenyewe kabla mlango haujafunguliwa, akauvunja.

Wote wamechanjwa. Mtamba wako alikuwa wa mwisho. Mlango nimetengeneza.

Nimekusamehe, lakini sitasahau upesi.

Pantaleo


Shinyanga,
5 Septemba 2024

Babu,

Shikamoo. Nimesoma hapo pa mtamba nikatoka nje ya ofisi. Asante, Babu yangu.

Tumeokolewa na uzembe, na mwakani uzembe unaweza kulala upande mwingine. Kwa hiyo mimi na Abel tumekaa wiki nzima kukiandika upya, safari hii yeye amekuja Shinyanga, na kila tukibadilisha herufi tunasaga upya na kutazama tarehe ya unga. Na Abel ndiye aliyeliona. Tulikuwa tunabishana pa kuiweka ile moja, kwa R au kwa C++, ghafla akasema: "Paskalina, Babu yako anahesabu kama C++."

Ni kweli, Babu. C++ nayo mwanzo haisemi moja. Anayetangulia anapita, anaitwa sifuri: yupo, anakula, anachanjwa, ila hajahesabiwa. Anayefuata ndiye moja. Ukifika mwisho ukasema kumi na moja, walio zizini ni kumi na wawili, na C++ inalijua hilo tangu kuzaliwa. Anayepotea njia ni mimi na R yangu.

Kwa hiyo fomu mpya, hii hapa ndani ya bahasha, haiulizi una ng'ombe wangapi. Inauliza: "Ulipomaliza kuhesabu ulifikia nambari ngapi, na ulianzia kwa nani?" Mwenye desturi yake ajibu kwa desturi yake. Fomu yako itaingia kama ilivyo na dozi zitatoka kumi na mbili, bila mtu yeyote kumnyooshea Mwenyekiti kidole. Abel ameifuta "kwa ajili ya amani", na pale pale ameandika: "Anayetangulia hahesabiwi. Asiguswe."

Tunaweza kuja Jumapili ya tarehe 22?

Paskalina


Rwamgasa,
14 Septemba 2024
Kumb. Na. PM/NG/04/2024

Kwa: Bi Paskalina, Mtakwimu, Shinyanga
YAH: SIFURI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mke wangu, marahaba. Kwanza nilikasirika. Mwenyekiti kuitwa sifuri, mbele ya watu! Nikasoma tena pale "yupo, anakula, anachanjwa", nikatulia. Bibi yako anauliza huyo aliyebuni C++ ni mtu wa ukoo gani. Anasema hawezi kuwa mtu asiye na zizi.

Mje tarehe 22. Abel namkaribisha kama mgeni wa kawaida, cheo kingine atakipata kwa tabia. Afike alfajiri, zizi linapofunguliwa, asimame na mimi mlangoni ahesabu. Nitamsikiliza anaanzia kwa nani. Kofia asije nayo.

Fomu yako mpya nimeijaza na inarudi pamoja na barua hii. Nimeitia mkononi mwa dereva mwenyewe, konda simpi tena. Kaya ya Pantaleo: watu wawili. Nambari niliyofikia: kumi na moja. Nilianzia kwa dume jeusi, leo asubuhi, ukungu bado uko chini, alipotoka akimfuata Mwenyekiti.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Pantaleo